"Mlima nauona, wewe sikuoni": Asubuhi tuliyosimama na Baba juu ya Mai Mahiu

Kwa miaka 31 alishuka mteremko huo akiwa dereva wa lori bila kusimama kutazama Bonde la Ufa. Aliposimama hatimaye, tuligundua ni kiasi gani cha dunia ambacho macho yake yalikuwa yameshapoteza.

Ukitoka Nairobi kwenda Naivasha au Narok kwa barabara ya chini, unaachana na barabara kuu pale Rironi. Unapita mashamba ya viazi na kabeji na vibanda vya wauza karoti, na ukungu ukiwa umeshuka unaweza kudhani safari yote itakuwa hivyo hivyo. Kisha gari linakata kona, na ardhi ya upande wa kushoto inakatika ghafla. Chini kabisa, mbali, unaona kama nchi nyingine.

Hapo abiria wa matatu huinua vichwa kutoka kwenye simu. Mtoto aliyekuwa akilia hunyamaza. Bonde la Ufa halihitaji mtu wa kulitangaza.

Familia yetu ni ya Naivasha na tumepita hapo mara nyingi mno. Tulipita tukienda shule za bweni, tukienda mazishini, tukirudi Krismasi na magunia ya zawadi. Lakini hatukuwahi kusimama. Siku zote kulikuwa na haraka, au giza, au mvua.

Aliyepita zaidi yetu sote ni Baba. Ana umri wa miaka 66 sasa, na kwa miaka 31 alikuwa dereva wa malori. Alibeba saruji, mbolea na mafuta ya kupikia kutoka Mombasa hadi Malaba, na mara nyingine akavuka hadi Kampala.

"Nimeshuka pale nikiwa na nywele, nikashuka nikiwa na mvi, nikashuka nikiwa na upara," husema akicheka. "Lakini kutazama, hapana. Mteremko ule ni wa kutazama barabara na kusikiliza breki. Dereva anayetazama mandhari hafiki."

Ndiyo maana nilishangaa Ijumaa moja mwezi Januari tulipotoka kliniki ya macho jijini Nairobi. Nilimuuliza angependa kula nini. Alikaa kimya hadi tukafika langoni.

"Mama," akaniambia, "kesho mkinirudisha nyumbani, tusimame pale juu ya Mai Mahiu kabla giza halijaingia."

Huniita 'mama' kwa sababu mimi ndiye binti yake wa kwanza na nina jina la mama yake. Wakati huo ilikuwa saa tano asubuhi na jua lilikuwa kali. Nilielewa ni giza gani alilokuwa akilizungumzia.

Miezi mitatu awali, daktari alikuwa ametuambia kwamba Baba ana glakoma, ugonjwa ambao wengi wetu tunauita presha ya macho, katika macho yote mawili. Jicho la kushoto lilikuwa limeharibika zaidi.

Kikombe cha chai

Kaka yangu ndiye aliyeendesha gari. Ana miaka 36, ni kifungua mimba wetu, na kazi yake ni udereva wa matatu kati ya Narok na Nairobi. Barabara hiyo anaijua kama njia ya kwenda jikoni.

Tulifika saa mbili asubuhi. Aliegesha kwenye kokoto kando ya vibanda vya mbao ambapo huuzwa kofia za ngozi ya kondoo, shuka za Kimaasai, vinyago vya mawe ya Kisii na mahindi ya kuchoma. Nyuma ya vibanda, wafanyabiashara wamejenga majukwaa ya mbao yanayochungulia bondeni. Upepo ulikuwa mkali na wa baridi. Tulimvalisha Baba koti, naye akaenda akishika ubao wa ukingoni hadi akapata mahali pa kusimama.

Hakusema lolote kwa muda mrefu. Alikuwa ameuelekeza uso wake upande wa kulia, ulipo Mlima Longonot, na asubuhi hiyo mlima ulikuwa safi bila wingu hata moja.

Mama mmoja muuza chai alikuja na chupa yake, akamimina kikombe, akamnyooshea Baba kutoka upande wa kushoto.

"Karibu chai, Mzee."

"Asante sana, mama," Baba alijibu kwa adabu. Lakini mkono wake haukutoka mfukoni.

Yule mama alisubiri. Akanitazama. Kikombe kilikuwa hewani, karibu kabisa na kiwiko cha Baba, kikitoa moshi. Nilikipokea nikamwambia, "Baba, chai yako hii hapa." Aligeuza kichwa chote, kama kuku anayesikiliza mwewe, ndipo akakiona.

Mwenye chai alipoondoka, Baba alizungumza kwa sauti ya chini.

"Mlima nauona, mama. Ule pale Longonot, nauona hadi mifereji yake. Lakini wewe uliyesimama hapa kando yangu, sikuoni."

Mimi ni mwandishi wa habari za afya. Nimeandika kuhusu glakoma zaidi ya mara moja, na nimekaa kwenye mikutano ya Wiki ya Glakoma Duniani ambayo huadhimishwa kila Machi. Nilijua kwamba ugonjwa huu huanza kula kingo za uwezo wa kuona na kuacha katikati hadi mwisho. Lakini sikuwa nimewahi kusimama kwenye ukingo wenyewe, nikiwa ndani ya sehemu ambayo baba yangu haioni.

Mwizi asiyebisha hodi

Ndani ya jicho, sehemu ya mbele, kuna majimaji yanayotengenezwa kila wakati na kutoka kupitia mfereji mdogo. Mfereji huo ukipitisha polepole kuliko inavyotakiwa, majimaji hujaa na shinikizo ndani ya jicho hupanda. Shinikizo hilo huumiza neva inayobeba picha kutoka kwenye jicho hadi kwenye ubongo. Nyuzi za neva zikifa hazifufuki.

Kwa kawaida shinikizo la jicho huwa kati ya milimita 10 na 21 za zebaki, ingawa kuna watu wanaopata glakoma hata wakiwa ndani ya kiwango hicho. Ndiyo sababu daktari hatosheki na kupima shinikizo pekee. Huangalia pia neva iliyo nyuma ya jicho, na humpa mgonjwa kipimo cha upana wa kuona, ambapo mtu hutazama katikati ya mashine na kubonyeza kitufe kila anapoona nukta ya mwanga pembeni.

Presha hii si ile ya damu. Mtu anaweza kuwa na presha ya kawaida ya damu na bado macho yake yako hatarini. Pia si mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho ni ukungu kwenye lenzi, na upasuaji huweza kumrudishia mgonjwa uwezo wa kuona. Kilichochukuliwa na glakoma hakirudi. Shirika la Afya Duniani, WHO, huitaja miongoni mwa visababishi vikuu vya upofu duniani, na watu wenye asili ya Afrika wako katika hatari zaidi na hushikwa wakiwa na umri mdogo zaidi.

Aina iliyo ya kawaida kwetu haiumi. Haiwashi. Haifanyi jicho kuwa jekundu. Na kwa kuwa jicho moja huziba pengo la jingine, na ubongo nao hujazia sehemu iliyokosekana, mtu huendelea kusoma gazeti na kutambua sura za watu huku pembeni pakiendelea kufungwa.

"Wagonjwa wengi huja wakisema wanataka miwani," alituambia daktari anayemhudumia Baba. "Wanadhani ni uzee. Unapowapima, unakuta jicho moja limeshakwenda."

"Anza kushoto"

Baba alimaliza chai yake, akarudisha kikombe, akashika mkono wangu.

"Sasa nisimulie," alisema. "Anza kushoto. Uende polepole, kama unayesoma barua."

Nilianza kushoto. Nilimwambia kuna mlima mpana usio na ncha, umelala kama sufuria iliyofunikwa kwa sinia.

"Huo ni Suswa," alisema. "Endelea."

Suswa ina urefu wa mita 2,356 juu ya usawa wa bahari, lakini kwa kuwa ni pana sana mtu anaweza kuipita bila kujua kwamba ni volkano. Ndani yake kuna kasoko kubwa, na ndani ya kasoko hilo kuna jingine.

Nilisogea katikati. Nilimwambia kuna tambarare ya rangi ya majani makavu, yenye vivuli vya mawingu vinavyotembea, na barabara ya Narok iliyonyooka kama uzi. Nyuma ya tambarare hiyo, mbali sana, kuna ukuta wa buluu.

"Mau," alisema. "Ule ndio ukuta wa pili. Tumesimama juu ya ukuta mmoja, na ule ni wa pili. Sisi madereva tulikuwa tukisema mtu akitoka huku hadi kule amevuka mlango wa dunia."

Wanajiolojia husema karibu vivyo hivyo, kwa maneno yao. Ganda la dunia hapa linavutwa pande mbili, milimita chache kila mwaka. Kwa mamilioni ya miaka mvuto huo ulipasua ardhi kwa mistari mirefu, na kipande cha katikati kikadidimia huku kuta zikibaki juu. Mwanajiolojia wa Uingereza, John Walter Gregory, alipita sehemu hizi mwaka 1893, na ndiye aliyelieleza bonde hili kwa ulimwengu kama ufa. Hadi leo tawi hili la mashariki hujulikana pia kwa jina lake.

Nilikwenda kulia. Longonot, mita 2,776, ikiwa na ukingo uliokatwa juu kama chungu kilichovunjika mdomo, na mifereji inayoteremka kutoka kileleni kama mikunjo ya sketi. Karibu na miguu ya mlima kuna sahani kubwa nyeupe za kituo cha setilaiti cha Longonot, kilichoanza kazi mwaka 1970.

"Hizo sahani sizioni," alisema Baba. "Zamani nilikuwa naziona usiku, kwa taa zake." Alinyamaza kidogo. "Chini je?"

Chini palikuwa na mji wa Mai Mahiu, mabati yakimetameta. Jina lake ni la Kikikuyu na maana yake ni maji moto. Malori yaliyokuwa yakipanda yalionekana kama viberiti vinavyosukumwa na mtoto. Nilimwonyesha pia upande wa Kijabe, ambako Aprili 2024, alfajiri, maji ya mvua yaliyokuwa yamezuiliwa nyuma ya tuta la reli yalivunja na kuteremka hadi kwenye nyumba za watu. Makumi ya watu walifariki. Baba alivua kofia yake. Alikuwa amekula kwa miaka mingi kwenye hoteli za mji ule, na kuna watu aliowafahamu ambao hawapo tena.

"Na kanisa?" akauliza.

Nilimwambia kutoka tulipokuwa silioni.

"Lipo chini ya mteremko, kando ya barabara. Dogo, la mawe. Nilipokuwa nikilipita nilijua breki zimenibeba siku nyingine."

Kanisa hilo lilijengwa mwaka 1942 na wafungwa wa kivita kutoka Italia. Ndio hao hao waliotumiwa na serikali ya kikoloni kujenga barabara ya mteremko huu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Wasafiri husimama hapo hadi leo, wengine kusali, wengine kupiga picha.

Vioo vya pembeni

Nadhani ni kutaja breki kulikomfungua mdomo. Baba alitueleza jambo ambalo sikuwa nimelisikia, na nadhani hata Mama hakuwa amelisikia.

Katika miaka yake miwili ya mwisho kazini, alivunja vioo vya pembeni vya lori mara 3. Vyote vilikuwa vya upande wa kushoto. Mara ya kwanza aliligonga lango la ghala. Mara ya pili ilikuwa mti. Mara ya tatu hakujua amegonga nini hadi utingo wake alipopiga kelele. Kila mara tajiri wake alimkata mshahara na kumwambia amekuwa mzembe. Naye aliamini.

"Nilijiambia, umezeeka, barabara zimekuwa nyembamba, vijana wanaendesha vibaya. Nilipata sababu zote isipokuwa macho yangu. Mbele nilikuwa naona vizuri. Namba za gari lililo mbele nilikuwa nazisoma. Ningejuaje?"

Kisha kukawa na siku moja, jioni, hapo chini mjini. Mtu mwenye mkokoteni alikuwa akivuka kutoka kushoto. Baba hakumwona kabisa. Mtu yule aliruka, mkokoteni ukasagwa, na magunia mawili ya vitunguu yakatapakaa barabarani. Alimlipa mwenye mkokoteni, akafikisha mzigo wake Malaba, akarudi na kuacha kazi. Nyumbani alisema mgongo unamsumbua.

"Sikuwaambia kwa sababu sikujua niwaambie nini," alisema. "Ningesema nini? Kwamba mtu mzima alitokea hewani?"

Kwa muda huo wote alikuwa akitia macho dawa aliyonunua dukani bila kuandikiwa na daktari, kwa sababu ya vumbi na mwasho. Mwenye duka alimwambia inasafisha. Daktari alipoiona chupa alitikisa kichwa. Ilikuwa na steroidi. Dawa za aina hiyo hutuliza mwasho haraka, lakini zikitumiwa kwa muda mrefu bila uangalizi huweza kupandisha shinikizo la jicho. Hakuna anayeweza kusema kwa hakika zilichangia kiasi gani kwa Baba. Lakini hazikumsaidia.

Kaka akarudi garini

Nilipogeuka, kaka hakuwepo. Alikuwa ameenda kukaa kwenye gari, mlango wazi, akichezea ufunguo.

Daktari alikuwa ametuambia jambo ambalo mimi nililijua na kaka hakutaka kulijua. Glakoma hutembea katika familia. Mtoto au ndugu wa mgonjwa yuko katika hatari kubwa mara kadhaa kuliko mtu mwingine. Alitutaka watoto wote watatu tupimwe. Miezi mitatu ilikuwa imepita. Kitinda mimba wetu, aliye chuoni, alikuwa amesema atapimwa akifunga. Kaka alikuwa amesema hana nafasi. Na mimi, ninayewashauri wasomaji wa ukurasa huu kila wiki, nilikuwa nimeahirisha mara mbili.

Nilimfuata kaka.

"Wakiniambia ninao, nitafanya kazi gani?" aliniuliza kabla sijafungua mdomo. "Nina watoto wawili shuleni. Gari si langu. Ukimwambia mwenye gari macho yako yana shida, kesho anampa mwingine."

Sikuwa na jibu zuri. Ni rahisi kumwambia mtu akapimwe wakati mshahara wako hautegemei kile atakachoambiwa. Nilimwambia tu kwamba sikuwa nimepimwa pia, na kwamba naogopa.

Baba alikuwa amekuja nyuma yetu akipapasa boneti la gari. Aliweka mkono begani mwa kaka.

"Unabeba watu 14 ukishuka hapa," alisema. "Mimi nilibeba saruji. Mungu alinirehemu nikavunja mkokoteni tu. Wewe ukikosa kuona upande mmoja, utavunja nini?"

Kaka hakujibu.

"Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Langu limeshakuwa ukuta. Lako, kama lipo, bado ni ufa."

Tuliondoka dakika chache baadaye. Kaka alishuka mteremko polepole kuliko nilivyowahi kumwona akiushuka, kwa gia ndogo, na tulipofika kwenye kanisa dogo alipunguza mwendo bila kuambiwa ili Baba ageuze kichwa alitazame.

Majibu

Tulikwenda wote watatu wiki iliyofuata. Kipimo hakiumi. Mashine moja hupuliza hewa kidogo kwenye jicho. Matone hupanua mboni ili daktari aone neva, kwa hiyo baada ya hapo utaona ukungu kwa saa chache na hupaswi kuendesha gari. Kaka alijua hilo, akaja kwa miguu.

Kitinda mimba wetu hana tatizo. Mimi pia sina kwa sasa, ila nitapimwa kila mwaka.

Shinikizo la kaka lilikuwa juu katika macho yote mawili. Neva yake ilikuwa imeanza kuonyesha dalili katika jicho moja. Lakini upana wake wa kuona bado ni mzima, na hilo ndilo jambo lililomfanya akae chini na kupumua. Daktari alimwanzishia dawa ya matone, tone moja kila jicho kila usiku, na kumwambia arudi kwa ukaguzi. Anaendelea na kazi. Angesubiri hadi aanze kuvunja vioo, mazungumzo yangekuwa mengine.

Kwa wasomaji wenye mgonjwa wa glakoma nyumbani, haya ndiyo tuliyoyashika. Ndugu wa damu wapimwe mapema, hata kama wanaona vizuri. Wengine wapimwe walau kuanzia umri wa miaka 40. Matone ni ya maisha na hayaachwi kwa sababu huhisi maumivu. Kazi yake ni kulinda kilichobaki. Tone moja linatosha, kisha ufumbe jicho na kubonyeza taratibu kona ya ndani, karibu na pua, kwa dakika moja au mbili. Mwambie daktari kama una pumu, kwa sababu baadhi ya matone hayafai kwa wenye pumu. Kuna wagonjwa wanaohitaji leza au upasuaji. Na usinunue dawa ya macho kwa kuwa jirani alitumia ikamfaa.

Tazama pia mienendo. Mzazi anayegonga miimo ya milango upande mmoja, anayekosa ngazi, anayegeuza kichwa chote ili akuone, au asiyepokea kikombe unachomnyooshea huenda hana kiburi wala hajachanganyikiwa. Huenda hakioni.

Ukitaka kumpeleka wako

Mahali penyewe ni takriban kilomita 50 kutoka Nairobi. Nenda asubuhi na mapema katika miezi ya kiangazi, kama Januari na Februari, kabla joto halijaleta ukungu bondeni. Kati ya Juni na Agosti unaweza kufika ukakuta pazia jeupe tupu. Beba nguo za joto kwa wazee na watoto, kwa maana upepo wa juu hauna huruma.

Ni rahisi kusimama ukiwa unashuka kutoka Nairobi, kwani vibanda viko upande wako wa kushoto. Ukiwa unapanda, usivuke barabara kwa miguu na mzee au mtoto. Malori hapo hayasimami kirahisi. Egesha mbali kabisa na lami. Shika watoto mkono kwenye majukwaa. Kwa wenye kutapika safarini, wakalishe mbele na uwaambie watazame mbali badala ya simu. Macho yakiona mwendo ambao sikio la ndani linauhisi, kichefuchefu hupungua.

Na kama unayempeleka haoni vizuri, usikimbilie kumpiga picha. Simama upande anaouona. Mwambie kilichopo, kuanzia kushoto.

Baba sasa yuko nyumbani Naivasha. Akikaa uani asubuhi, Longonot iko mbele yake, na bado anaiona. Kila usiku saa tatu simu yake hulia. Ni kaka, akiwa Narok au Nairobi, popote matatu ilipolala.

"Umetia?" huuliza.

"Nimetia," Baba hujibu. "Wewe je?"